Wangari Maathai na Methali ya Mshika Mbili

Katika hazina ya methali zetu iko moja ambayo akina mama wenye elimu wameisikia mara nyingi mno. Ni ile isemayo kwamba mshika mbili moja humponyoka. Msichana akifaulu mtihani akaingia chuo kikuu, huambiwa aangalie asije akazeekea vitabuni. Akimaliza masomo akaajiriwa kufundisha hukohuko chuoni, huulizwa ataolewa lini. Akiolewa, huulizwa ni nani atakayewapikia watoto naye yuko maktaba. Na siku ndoa ikitikisika, au kazi ikiharibika, methali hiyo husomwa kama hukumu ya korti.

Leo nataka kuipima methali hiyo kwa maisha ya mama mmoja ambaye jina lake lilivuma duniani kote, marehemu Profesa Wangari Muta Maathai. Wengi tunamkumbuka kwa miti, na kwa tuzo ya amani ya Nobel aliyopewa mwaka 2004, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Lakini kabla ya hayo alikuwa mwalimu wa chuo kikuu kwa miaka 16. Vita vyake vya kwanza havikuwa vya msitu. Vilikuwa vya nyumba, bima na pensheni ya mwanamke aliyeajiriwa huku ameolewa. Sehemu hiyo ya maisha yake haisimuliwi sana, na ndiyo ninayotaka kuisimulia.

HUKU KWETU WERUGHA

Naandika haya nikiwa Werugha, huku juu ya milima ya Taita, ambako gari hupanda kutoka Voi likapitia Mwatate na Wundanyi, na ambako asubuhi nyingi ukungu wa Vuria huchelewa kuondoka. Mtu akitaka kuwaona washika mbili, na aje huku. Mama wa Werugha huamka kabla ya jua, akakoka moto, akawatayarisha watoto kwenda shule, kisha akashuka kwenye matuta yake ya mboga yaliyoshikilia ubavu wa mlima. Siku ya soko hufunga mzigo wake akaupeleka kuuza, na jioni akirudi nyumbani hupitia kuni na maji. Mtoto yuko mgongoni, mzigo uko kichwani, jembe liko mkononi. Hivyo si viwili, ni vitatu. Wala sijamsikia mzee hata mmoja akimwonya kwamba kimojawapo kitamponyoka.

Methali hukumbukwa tu pale kitu cha pili kinapokuwa kalamu, na hasa kalamu yenye mshahara.

Jambo hili linatuhusu sana siku hizi. Kaunti yetu ina chuo kikuu chake, Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopewa hati rasmi mwaka 2016. Binti wa milima hii anaweza kusoma hadi shahada, na hata kufundisha chuoni, bila kuvuka mpaka wa kaunti. Kwa hiyo swali ambalo zamani lilikuwa la wasomi wa Nairobi sasa limebisha hodi katika milango yetu. Tukimtazama vizuri mama aliyetangulia, huenda tukajua la kuwaambia mabinti wetu.

KUTOKA IHITHE HADI KANSAS

Wangari alizaliwa Aprili 1, 1940, katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Baba yake, Mzee Muta, alifanya kazi katika shamba la mlowezi wa Kizungu huko Nakuru, na mama yake alikuwa mkulima. Zama hizo wasichana wengi walibaki nyumbani kusaidia kazi na kulea wadogo zao, na hakuna ambaye angeshangaa kama Wangari naye angebaki. Aliyefungua mlango alikuwa kaka yake, Nderitu, ambaye siku moja alimuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama alitafakari, akaona hakuna sababu ya kumzuia, na jambo likaishia hapo. Ninawaomba wavulana wetu walikumbuke swali hilo, maana lilitoka kwa mvulana.

Akaanza katika shule ya Ihithe, akaenda bweni kwa masista wa Kikatoliki huko Mathari, Nyeri, kisha mwaka 1956 akaingia Loreto Limuru. Alipomaliza, mwaka 1960, bahati ilimwangukia. Hayati Tom Mboya na wenzake walikuwa wakiwapeleka vijana wa Kenya Marekani kwa ndege ili nchi ikipata uhuru isikose wasomi. Wangari alikuwa miongoni mwa vijana hao, karibu 300, waliosafiri mwaka huo. Alisoma baiolojia katika chuo cha Mount St. Scholastica kilichoko Atchison, Kansas, akapata shahada ya kwanza mwaka 1964, kisha akachukua shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh.

Alirudi nyumbani Januari 1966 akiwa na umri wa miaka 25. Shuleni alikuwa akijulikana kwa jina la Mary Josephine, lakini sasa alilitua jina hilo akajiita Wangari Muta, jina lake na la baba yake. Jambo hili la majina tutalirudia, kwa sababu lilimfuata hadi mahakamani.

KAZI ILIYOYEYUKA

Akiwa bado ng'ambo, Wangari alikuwa ameandikiwa barua ya kupewa kazi ya utafiti katika idara ya zoolojia ya chuo kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Akafika siku aliyoambiwa, barua mkononi. Akaambiwa kazi imekwisha kupewa mtu mwingine, naye ni mwanamume. Yeye mwenyewe aliamini tangu siku ile kwamba alinyimwa kwa sababu mbili: kwamba ni mwanamke, na kwamba hakutoka katika kabila la aliyekuwa akiajiri.

Tazama, msomaji. Binti huyu hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, hakuwa na jiko la kumsubiri. Alikuwa ameshika kitu kimoja tu, nacho kiliponyoka. Hapo ndipo methali yetu inapoanza kutiliwa shaka.

Aliyemwokoa alikuwa mgeni. Profesa Reinhold Hofmann, kutoka Chuo Kikuu cha Giessen nchini Ujerumani, alikuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo jijini Nairobi, na alihitaji mtu anayejua kuandaa na kuchunguza vipande vya viungo kwa hadubini. Wangari alikuwa amejifunza kazi hiyo Marekani. Akaajiriwa kama msaidizi. Wanafunzi wake, karibu wote wavulana, walimtazama kwa mashaka, maana hawakuzoea kufundishwa anatomia na msichana ambaye hakuwazidi sana kwa umri. Mashaka hayo yalipungua walipojua kwamba yeye ndiye anayesahihisha mitihani yao.

MAMA, MKE NA MTAFITI

Mwaka 1967 Profesa Hofmann alimhimiza aende Ujerumani kwa masomo ya udaktari, naye akaenda Giessen na Munich. Kabla ya safari hiyo alikuwa amekutana na kijana aliyeitwa Mwangi Mathai, ambaye naye alikuwa amesoma Marekani. Wangari aliporudi mwaka 1969, wakafunga ndoa mwezi wa Mei.

Sasa hesabu miaka inayofuata, msomaji, uone mzigo aliobeba. Mwaka uleule wa harusi mume wake aligombea ubunge akashindwa, na mke wa mgombea hana budi kuonekana kwenye kampeni. Mtoto wa kwanza, Waweru, akazaliwa. Mwaka 1971 Wangari alikamilisha utafiti wake juu ya namna viungo vya uzazi vya ng'ombe vinavyokua, akapewa shahada ya udaktari na Chuo Kikuu cha Nairobi. Akawa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kufikia daraja hiyo. Wakati huo alikuwa mja mzito, na Desemba mwaka huo akamzaa Wanjira. Mwaka 1974 mume wake aligombea tena ubunge, safari hii akaupata kwa eneo la Lang'ata. Mwaka huohuo akazaliwa kitinda mimba, Muta, na mwaka huohuo Wangari akapandishwa cheo kuwa mhadhiri mwandamizi. Mwaka 1976 akawa mkuu wa idara, na 1977 akawa profesa mshiriki. Katika kila daraja alikuwa mwanamke wa kwanza chuoni hapo.

Alijua vizuri kwamba anatazamwa. Mke wa mbunge aliyesoma ng'ambo alihesabiwa na watu kuwa Mzungu mweusi hadi athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo Wangari alivaa nguo ndefu za Kiafrika, akapokea wageni wa mume wake kwa mikono miwili, akahudumu mezani, kisha asubuhi akaenda chuoni kufundisha. Hakuna aliyeweza kusema kwamba ameliacha jiko. Hakuna pia aliyeweza kusema kwamba ameiacha maabara.

Hata miti ilitokana na kazi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akichunguza kupe wanaoleta ugonjwa wa ndigana, na ilimpasa kwenda mashambani kuwatafuta. Huko aliona mito imejaa udongo, ng'ombe wamekonda na vijito vya utoto wake vimekauka. Utotoni mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mti wa mugumo, maana ulikuwa mtakatifu. Sisi Wataita tunalielewa katazo hilo bila kufafanuliwa, kwa kuwa tunayo misitu yetu ya fighi ambayo wazee waliikinga kwa heshima na hofu. Juni 5, 1977, Wangari na akina mama wa Baraza la Kitaifa la Wanawake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Huo ndio mwanzo wa Green Belt. Lakini turudi chuoni.

VITA VYA NYUMBA NA PENSHENI

Mwalimu wa chuo kikuu wakati ule hakuishi kwa mshahara peke yake. Kulikuwa na nyumba ya chuo au posho ya nyumba, kulikuwa na bima, kulikuwa na pensheni. Mwanamume aliyeajiriwa alipata hayo yote, awe ameoa au hajaoa. Mwanamke alipata nyumba ikiwa hana mume, au ikiwa ni mjane. Akiwa ameolewa, chuo kilihesabu kwamba mume ndiye mwenye jukumu la kumtafutia pa kulala, hata kama mume huyo hakuajiriwa na chuo. Kwa maneno mengine, cheti cha ndoa hakikumpunguzia mwanamume chochote, lakini mwanamke kilimkata haki zake. Watu wawili wenye shahada moja, wanaofundisha wanafunzi walewale, walirudi nyumbani na mafungu yasiyolingana.

Nchi nzima iliwaza hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 1976 ilimpa mama anayejifungua miezi miwili ya likizo yenye malipo, lakini ikamnyang'anya likizo yake ya mwaka huo. Yaani kuzaa kulihesabiwa kuwa mapumziko.

Wangari hakulikubali jambo hilo, na hakuwa peke yake. Alikuwa na rafiki, Bi. Vertistine Mbaya, mwalimu wa bayokemia chuoni hapo, naye mke wa mtu na mama. Wawili hawa wakaanza kuuliza maswali. Wakajiunga na chama cha walimu wa chuo. Walipoona kwamba chama hakina nguvu ya kisheria ya kudai masharti ya kazi, wakashiriki katika juhudi za kukigeuza kiwe chama cha wafanyakazi. Shauri likafika mahakamani. Na kumbuka kwamba mkuu wa chuo kikuu wakati huo alikuwa Rais wa nchi mwenyewe. Kukishtaki chuo kulikaribia kumshtaki Rais, na si mwalimu yeyote angethubutu kusogelea moto huo.

Unadhani walimu wenzao wa kike waliwafuata kwa wingi? La hasha. Wengi walijitenga. Baadhi walikatazwa na waume zao, walioona aibu mke akienda kudai nyumba kana kwamba hana mwenyewe. Wengine walihofia vibarua vyao. Chuo kilipochoka kelele kilitafuta njia ya mkato: kikawapa hawa wawili haki walizozidai, wengine wakaachwa vilevile. Wangari aliona kichekesho kikubwa katika jambo hilo, kwamba ili walipwe sawa wao wawili walifanywa wanaume wa heshima. Lakini mlango ukifunguliwa hata kidogo ni vigumu kuufunga tena, na baada ya muda haki hizo ziliwafikia walimu wengine wa kike.

Kwa nini nasimulia mambo ya posho kwa kirefu hivi? Kwa sababu hapa ndipo siri ya methali inapofichuka. Mwanamke anayefundisha chuoni huku analea hahitaji kuhubiriwa. Anahitaji mahali pa kulala karibu na kazi, fedha za kumlipa anayemsaidia kazi za nyumbani, bima mtoto anapougua, na uhakika wa uzeeni. Ukimnyima hivyo vinne, kisha ukamwona amelemewa, usiseme kitu kimemponyoka. Wewe ndiye uliyemnyang'anya.

NYUMBA YAVUNJIKA

Mwaka uleule wa 1977, mwaka wa uprofesa na wa miti saba, mume wake aliondoka nyumbani. Mwaka 1979 kesi ya talaka ilisikilizwa mahakamani. Sheria ya ndoa ya wakati ule ilitaka kosa la mmoja lithibitishwe kabla ya talaka kutolewa, kwa hiyo mambo ya chumbani yalianikwa barazani na magazeti yakayachukua. Mjini ilisemwa kwamba kosa la mama huyu lilikuwa kusoma kupita kiasi na kutotawalika. Wanawake wengi wenye elimu walisoma habari hizo wakajua kwamba si Wangari peke yake aliyewekwa kizimbani.

Alishindwa kesi. Baadaye, katika mahojiano na gazeti moja la akina mama, alimkosoa hakimu kwa ukali, na kwa kosa la kuidharau mahakama akahukumiwa kifungo cha miezi sita. Alikaa siku tatu katika gereza la wanawake la Lang'ata kabla ya kuachiliwa. Mume wake akataka aliache jina la Mathai. Wangari alikuwa tayari amejulikana kwa jina hilo, na watoto wake waliliitikia. Hakulitupa. Akaongeza herufi moja tu, akawa Maathai. Tangu hapo mama na wanawe walitofautiana kwa herufi moja.

Sitaki kukuficha uchungu wa sehemu inayofuata. Baada ya talaka fedha zilikuwa haba, akapata kazi na Umoja wa Mataifa, katika Tume ya Uchumi ya Afrika, iliyomtaka asafiri nchi nyingi akiwa na makao Lusaka, Zambia. Hakuweza kuwachukua watoto watatu katika safari hizo. Aliwapeleka kwa baba yao, akawa anawatembelea. Waliishi huko hadi mwaka 1985. Mtu anayetaka kumlaumu atapata nafasi hapa. Lakini na ajiulize kwanza: mwanamume akipata kazi ya mbali, akawaacha watoto na mama yao, huitwaje? Huku Taita tunao wanaume wengi waliokwenda kufanya kazi Mombasa na Nairobi wakarudi mara chache kwa mwaka, na tuliwaita watafutaji. Mama akifanya hivyohivyo huitwa jina jingine.

SIKU MOJA, KAZI NA NYUMBA

Mwaka 1982 kiti cha ubunge huko Nyeri kilikuwa wazi, na Wangari akaamua kukigombea. Sheria ilimtaka mfanyakazi wa chuo kikuu ajiuzulu kwanza. Akajiuzulu. Baadaye akaambiwa hawezi kugombea, kwa sababu hakuwa amejiandikisha upya kuwa mpiga kura. Alikwenda mahakamani akashindwa. Saa chache baadaye siku ileile aliomba arudishiwe kazi yake, lakini chuo kilikuwa kimekwisha kuijaza nafasi hiyo, na kilikataa.

Alikuwa amekitumikia chuo hicho miaka 16, tangu alipokuwa msaidizi wa maabara hadi kuongoza idara. Sasa hakuwa na kazi wala marupurupu yaliyoambatana nayo. Tena, kwa kuwa alikaa katika nyumba ya chuo, akatakiwa kuhama. Nyumba, jambo lilelile alilolipigania kwa ajili ya wanawake wote, ndiyo iliyomtoa mlangoni. Alikuwa amepita umri wa miaka arobaini, hana mume, watoto wako kwa baba yao, na hana pa kufundisha.

Wenye methali yao bila shaka walitikisa vichwa. Alishika viwili, vyote vimeponyoka.

Lakini tuchunguze, msomaji. Je, Wangari alishindwa kufundisha kwa sababu ya watoto? Alipanda vyeo vyote katika miaka aliyozaa. Je, alishindwa kulea kwa sababu ya maabara? Hakuna aliyesema hivyo miaka ile. Kazi yake ya kwanza iliyeyuka kabla hajaolewa. Haki zake zilikatwa kwa kanuni iliyoandikwa. Uprofesa wake uliondoka kwa siasa. Hakuna hata kimoja kilichodondoka kwa sababu mikono yake ilikuwa midogo.

Yaliyofuata yanajulikana. Aliingia kwa nguvu zote katika Green Belt, akawafundisha akina mama wa vijijini kuotesha miche. Mwaka 1989 aliongoza upinzani dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililotaka kumeza sehemu ya Uhuru Park. Mwaka 1992 alikaa na akina mama waliogoma kula wakidai wana wao waliofungwa kwa siasa. Mwaka 1999 alipigwa akiutetea msitu wa Karura. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimchagua kuwa mbunge wao, na mwaka uliofuata akawa naibu waziri wa mazingira. Wanawe nao hawakupotea. Walirudi kwake, na binti yake, Wanjira, yule aliyekuwa tumboni wakati wa shahada ya udaktari, aliendeleza kazi ya mama yake katika Green Belt.

KIPIMO CHA METHALI

Profesa Wangari alifariki Septemba 25, 2011, jijini Nairobi, kwa ugonjwa wa saratani. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, na akazikwa kwa namna iliyowashangaza wengi: jeneza la mafunjo na magugu-maji, kisha mwili ukachomwa. Majivu yake yaliwekwa Kabete, katika taasisi ya amani na mazingira yenye jina lake. Na taasisi hiyo, msomaji, ni ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Chuo kilichomtoa nyumbani akiwa hai kilimpa mahali pa kulala alipokufa.

Sheria nazo zimesonga. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilimpa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye malipo kamili, tena bila kumnyang'anya likizo yake ya mwaka. Katiba ya mwaka 2010 ilitamka kwamba mwanamke na mwanamume ni sawa mbele ya sheria, na kwamba mume na mke wana haki sawa ndani ya ndoa. Mwalimu wa kike anayeingia chuoni leo, awe Nairobi au hapa Taita Taveta, hahitaji kufanywa mwanamume wa heshima ili apate haki zake.

Hata hivyo sheria haipiki, haiogeshi mtoto, wala haikai na mama mkwe. Sehemu hiyo imebaki mikononi mwetu. Binti wa Werugha akipata nafasi ya kusomea udaktari, na mtoto wake ana mwaka mmoja, ni nani atakayesema kwamba atamtazama mtoto? Mume wake akikaa na watoto ili mkewe amalize tasnifu, tutamwita mwungwana au tutamwita aliyekaliwa? Kaka yake atauliza swali la Nderitu, au atanyamaza?

Wahenga hawakukosea kwamba mtu mmoja akishika vitu viwili vizito peke yake kimoja humponyoka. Lakini huku milimani tunajua dawa yake. Mama anayepanda na mzigo wa kuni akifika penye mwinuko mkali, mwenzake humsogelea akamtua mtoto mgongoni. Hatumwambii achague kati ya kuni na mtoto. Tunapokea kimoja, safari ikaendelea.